Mbuzi wa Krismasi Uani kwa Odilo

Mbagala, Dar es Salaam
9 Januari 2025

Shangazi yangu Mwalimu Habiba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya changu. Tangu Novemba sijakuandikia, na najua kila boti ya Badru inapofika Kiongoroni unauliza kama kuna bahasha yako. Ningeweza kupiga simu, lakini huko kwenu mtandao unashika gatini tu, na ninayotaka kukwambia hayafai kusikilizwa na wapakiaji wa kaa.

Harusi yangu na Sihaba, ambayo posa yake uliipeleka wewe mwenyewe, imeingia mashakani.

Unamjua Odilo, yule Mngoni ninayefanya naye kazi katika karakana ya majokofu. Kila Krismasi hununua mbuzi, huwakaribisha uani kwake wapangaji wote na marafiki, na mimi huniita nichinje ili Waislamu nao wale bila wasiwasi. Safari hii Mzee Haruni, baba yake Sihaba, alikuwa mjini, amekuja kukiangalia chumba atakachokaa binti yake, nami nikamkaribisha. Alikula, akashiba, akasifu. Aliponiona naosha kisu bombani alisema mbele za watu, "Mkwe wangu ana mkono mwepesi." Nikacheka, nikanyamaza.

Shangazi, sikuchinja mimi. Asubuhi ile niliitwa hotelini, chumba cha baridi kimekufa na samaki wanaharibika. Nilipofika uani kwa mlango wa nyuma, nyama ilikuwa jikoni tayari. Mpangaji mmoja anayeitwa Dulla ana jamaa zake Kibiti, na ameshafikisha habari kwamba pikipiki yangu iliingia wakati mbuzi amekwisha kuchunwa. Sasa Mzee Haruni anaamini kwamba Odilo ndiye aliyechinja, na kwamba mimi nilijua nikamwacha ale. Anataka nifike Kibiti Ijumaa ya tarehe 31, baada ya sala, niweke mkono juu ya msahafu na kuapa kwamba nilichinja kwa mkono wangu. Nisipoapa anarudisha posa.

Nakuomba umwandikie aache habari ya kiapo. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hilo nina hakika nalo. Ila nakuomba usiniulize ni nani.

Mwanao,
Ridhiwani


Kiongoroni
13 Januari 2025

Mwanangu Ridhiwani,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka.

Umeniandikia "usiniulize". Nimewalea wewe na Hafsa tangu mama yenu alipofariki, na nimesimama mbele ya darasa mpaka magoti yaliponikatalia. Katika muda wote huo hakuna mtoto aliyewahi kuniambia nisiulize, akapata alichotaka. Kwa hiyo nauliza. Kama Mwislamu alichinja, mtu huyo ana jina. Mtu hafichwi ila awe na kosa au awe na hofu. Huyu wako ana lipi?

Ikiwa unamlinda Odilo, sema. Sina kinyongo naye. Alipokuja kwenye msiba wa baba yenu alijilaza mdomoni mwa kaburi kama mtani, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mtu aliyetufanyia hivyo simwoni kuwa mgeni. Lakini mapenzi yangu kwake hayabadilishi jambo ulilofanya wewe. Mzee Haruni alikusifu kwa kazi ambayo hukuifanya, ukazipokea sifa. Ulisema uongo bila kufungua kinywa, tena kwa baba wa mwanamke unayetaka kumwoa.

Sitamwandikia neno lolote Mzee Haruni mpaka nijue ninachokitetea. Niletee jina kwa boti ijayo.

Shangazi yako,
Habiba Mtoro


Kibiti
15 Januari 2025

Kwa Mwalimu Habiba Mtoro,

Assalaam alaykum. Nimeona ni adabu nikuandikie mwenyewe kabla habari hazijakufikia kwa watu. Ulipokuja kuposa ulikaa katika baraza yangu, ukaongea kwa heshima, nami nikakupa neno langu siku hiyohiyo. Sikumpa kijana. Nilikupa wewe.

Mwalimu, mimi ni mtu wa vilima vya Matumbini. Nimeishi na Wakristo tangu ujana wangu, tumelima pamoja na tumezikana. Sikwenda kwenye Krismasi ile kwa kulazimishwa. Yule Mngoni alinipokea vizuri, tukataniana, nikafurahi. Sina ugomvi na sikukuu yake wala na pilau ya mkewe. Ugomvi wangu ni huu: mkwe wangu mtarajiwa aliniangalia nikiweka tonge mdomoni, akijua jambo ambalo mimi silijui.

Dulla amenieleza alichokiona. Aliamka, akachungulia dirishani, akamwona Odilo ameshika miguu ya mbuzi. Aliyeshika kisu hakumwona kwa sababu ukuta wa jiko ulimkinga, lakini wanaume wengine hawakuwapo nyuma pale. Tena anasema mbuzi alikuwa amefunikwa uso kwa khanga. Mwalimu, ni Mwislamu gani anayemfunika mbuzi uso kwa khanga? Katika umri wangu wote sijaona. Kwetu anayefunikwa ni maiti.

Simtaki kijana alipe chochote. Nataka aape. Akiwa mkweli, kiapo hakitamwumiza. Sihaba ataingizwa ndani wiki ya kwanza ya Februari aanze kusingwa, na sitaki mwanangu atolewe ndani bila ndoa, watu wakamnyooshea vidole. Heri tujue mapema.

Wassalaam,
Haruni Kisoma


Kiongoroni
18 Januari 2025

Mwanangu Hafsa,

Nakuandikia wewe badala ya kaka yako, kwa sababu yeye ameniomba nisiulize, na nimeshaacha kumwuliza.

Unakumbuka nilivyokuwa nikichinja kuku wangu? Wanawake wa hapa walisimama njiani, kuku mkono huu na kisu mkono huu, wakingoja mwanamume apite. Wengine walingoja mpaka jua likageuka. Mimi sikuwa na mume wala muda. Nilimaliza kazi yangu mwenyewe mlangoni kwangu, kila mtu akiona, na walionitembelea walikula wali kwa adabu wakauacha mchuzi. Sikuwalaumu. Mazoea yana nguvu kuliko elimu, hasa mazoea ambayo hayana aliyeyaandika.

Wewe ulikuwa ukinishikia. Na kila mara, kabla ya kuleta kisu, nilimfunika mnyama macho kwa upindo wa khanga ili asione makali. Hili sikulikuta kwa mtu, ni desturi yangu tu. Sijamwona mtu mwingine akilifanya, ila mwanafunzi wangu mmoja.

Mzee Haruni ameniandikia kwamba mbuzi wa Odilo alifunikwa uso kwa khanga.

Katika salamu zako za mwaka mpya uliniambia kwamba Krismasi ulikuwa kazini, mnashona sare za shule. Nimeisoma tena barua ile. Umeeleza rangi ya sare, umeeleza mashine iliyokatika mkanda, umeeleza hata chakula mlicholetewa. Mtu anayesema kweli hahitaji kueleza mengi namna hiyo.

Sikukaripii kwa kuchinja. Hakuna kosa hapo. Nataka kujua kwa nini mwanamke aliyefanya jambo la halali anamwacha kaka yake akaangamie kwa ajili yake.

Nijibu upesi, na unijibu kweli.

Shangazi yako,
Habiba


Mbagala
22 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nilipofika kwenye neno khanga nilikaa chini sakafuni. Ni mimi.

Sikuwa kazini. Nilikuwa kwa Gaudensia, mke wa Odilo, tangu asubuhi. Unajua mimba yangu ilipoharibika mume wangu Ismaily alikuwa Tunduma na lori lake. Gaudensia ndiye aliyenifikisha hospitali, akalala chini ya kitanda changu, akafua nguo ambazo hata mama mzazi angesita kuzishika. Mwanamke wa namna hiyo akikwambia, njoo tupike pamoja sikukuu yangu, utamjibu nini?

Zamani Ismaily alikuwa akienda pia. Alikula, akacheza bao na Odilo mpaka wakatukanana. Halafu madereva wenzake wakaanza kumcheka, ati mkewe anaingoja Krismasi kuliko Wakristo wenyewe. Alirudi nyumbani na hasira, akaniambia mbele ya mama yake, "Ukikanyaga tena kwenye Krismasi ya watu wale, ukitoka huko pitiliza kwenu Kiongoroni. Kwangu usirudi." Nami nimekanyaga. Alikuwa safarini, nikasema hatajua.

Siku yenyewe, Shangazi, ilikuwa njema mpaka naona uchungu kuikumbuka. Odilo alitundika taa za rangi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Watoto wa wapangaji wote walivaa nguo mpya, wa Kikristo na wa Kiislamu, huwezi kumjua yupi ni yupi. Mzee Haruni alikaa kwenye kiti cha plastiki baraza ya mbele, asikoweza kuona nyuma ya jiko, Odilo anamchokoza.

"Nyie Wangoni," mzee akamwambia, "mliwachomea babu zetu vijiji, leo mnatualika pilau?"

"Tunawanenepesha kwanza, mzee. Mateka mwembamba hana faida."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpapai nyuma ya jiko. Wakati ukaenda, kaka haji, simu yake haipokelewi. Wapangaji wanaume wa Kiislamu walikuwa wametoka, na Dulla hakuwa ameamka. Mzee Haruni ni mgeni, na mgeni hapewi kisu. Gaudensia akaninong'oneza, "Hafsa, nifanyeje mie? Watu wameshakaa."

Odilo akasema, "Kaka yako mla kamba kanitupa leo. Tutakula maharage, na mkwewe atarudi Kibiti kusema Wangoni ni mabahili."

"Nipe kisu," nikasema.

"Wewe?"

"Shika miguu, Odilo. Acha maswali."

Nilivua khanga ya begani, nikamfunika macho, nikamwelekeza kibla, nikalitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kisha nikarudi kukata vitunguu.

Kaka alipofika nilimweleza, nikamwapisha asinitaje. Ndiyo maana alinyamaza bombani. Sasa akinitaja, harusi yake inapona na nyumba yangu inaanguka.

Na lipo kubwa zaidi. Kama maneno yale ya Ismaily yalikuwa talaka, basi niliachika pale nilipovuka kizingiti cha uani. Amerudi kutoka safari, tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, nami sijui kama ni mke au si mke. Sijathubutu kumwuliza shehe. Nikiuliza, nitajibiwa.

Usimwambie kaka hili la mwisho. Yeye anadhani naogopa kufokewa tu.

Mwanao,
Hafsa


Mbagala
24 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hafsa hajui kwamba nakuandikia.

Nimekata shauri. Ijumaa nitakwenda Kibiti, nitaapa kwamba nilichinja mimi. Mzee Haruni aliniona na kisu, watu waliniona na kisu. Neno la Dulla haliwezi kusimama mbele ya kiapo. Sihaba amenipigia simu kwa siri. Ameniambia, "Ridhi, kama hukuchinja, niambie mimi kwanza kabla hujamwambia Baba." Nikamwambia nilichinja. Kwa hiyo nimeshaanza, na kilichobaki ni kumaliza.

Najua utasema ni dhambi. Nitaibeba. Yule mumewe Hafsa siku hizi hatabiriki, na Hafsa hana pengine pa kwenda ila kwako. Mimi ni mwanamume, naweza kuishi na jambo moyoni.

Niombee.

Ridhiwani


Kiongoroni
27 Januari 2025

Wanangu Ridhiwani na Hafsa,

Injini ya boti ya Badru imeharibika. Barua hii naipeleka kwa mtumbwi wa wauza kaa mpaka Nyamisati, na kutoka hapo sijui itafikaje. Nawaandikia wote wawili katika karatasi moja, kwa kuwa siri mnazofichana zimefika kwangu zote, nami nimechoka kuwa sanduku lenu.

Ridhiwani, usiape. Nakukataza. Unasema utaibeba dhambi kana kwamba ni gunia la mchele, unalibeba mpaka mahali fulani kisha unalitua. Kiapo cha uongo hakituliwi. Utamwoa Sihaba juu yake, utazaa naye juu yake, na kila utakapomwona mkweo akisali utakumbuka mkono wako ulipokuwa. Nenda Kibiti, mwambie Mzee Haruni hukuchinja wewe, mwombe radhi kwa kunyamaza, na jina usilitaje. Akirudisha posa, na airudishe.

Hafsa, wewe nyamaza. Nitavuka kwenda Salale kumwona shehe wa huko, nimwulize jambo lako bila kukutaja, tujue hukumu yake kabla mumeo hajajua chochote. Mwanamke hapaswi kuutoa ukweli wake nje kabla hajajua utamwangukia wapi.

Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi na nimechagua. Posa ikirudi, ataposwa mwingine. Nyumba ikivunjika haijengwi kwa miti ileile. Nampenda Sihaba, lakini kati ya harusi ya mmoja na ndoa ya mwingine, nailinda iliyopo.

Fanyeni kama nilivyowaandikia.

Shangazi yenu,
Habiba


Mbagala
4 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 27 nimeipata leo, baada ya kila kitu. Naomba uketi kabla ya kusoma.

Alhamisi jioni nilipita kwa kaka nikamkuta anapiga pasi kanzu. Hakuwa na uso wa mtu anayekwenda kusema kweli. Nikapitiliza kwa Gaudensia, tukapanga safari. Asubuhi alipoondoka, tulipanda basi lililofuata, mimi, Gaudensia na Odilo, ambaye alivaa shati lake la kanisani na njia nzima hakutania mtu. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Barazani kwa Mzee Haruni watu walikuwa wamejaa. Shehe alikaa katikati, msahafu uko mbele yake juu ya mto. Sisi wanawake tuliingizwa ukumbini, nyuma ya pazia, alikokuwa Sihaba. Alinishika mkono, mkono wa baridi. Nikamsikia shehe akimwambia kaka, "Haya, weka mkono."

Nikalivuta pazia.

"Shehe, asiape. Aliyechinja ni mimi."

Mzee Haruni alinitazama kama aliyeamshwa. "Wewe nani?"

"Hafsa, mdogo wake."

"Mwanamke?"

"Ndiyo, baba. Hata siku ile uliponipa sahani nikuongezee mafupa, nilikuwa mwanamke."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Odilo akapaza sauti kutoka uwanjani, "Miguu nilishika mimi, mzee! Kama miguu nayo ina dhambi, hiyo niandikie mie!" Gaudensia akamfokea anyamaze.

Mzee akamgeukia shehe. Shehe akasema, "Alichokichinja Mwislamu ni halali, Haruni, awe mwanamume au mwanamke. Haya mengine ni mazoea yetu tu."

"Na khanga?" mzee akauliza.

"Mwalimu Habiba ndivyo alivyonifundisha," nikasema. "Mnyama asione kisu."

Hapo Sihaba akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Baba, mie miaka yote nasimama njiani na kuku mkononi, nangoja mwanamume apite. Juzi nimempa kisu mtoto wa chekechea. Kumbe nilikuwa nangoja bure?"

Baraza zima lilicheka, Shangazi. Mzee Haruni hakucheka. Alisubiri wamalize, akamwambia kaka, "Ulinyamaza bombani, na leo ulitaka kuapa uongo mbele yangu. Mkono ulikuwa hewani, nimeuona. Ungekuwa unaficha kwa ajili ya tumbo lako, ningekufukuza sasa hivi. Umeficha kwa ajili ya dada. Binti nitakupa. Lakini kuanzia leo nikikuuliza, unajibu." Kaka alilia, naye hakuyafuta machozi. Harusi iko palepale, tarehe 15. Sihaba ameingizwa ndani jana.

Hilo ndilo jema. Sasa sikiliza langu.

Watu walipotawanyika nilimwomba shehe faragha, nikamweleza maneno ya Ismaily kama yalivyo. Alinirudisha nyuma mara kadhaa nikumbuke vizuri. Kisha akasema, "Binti yangu, hakutamka talaka. Kauli kama hiyo haina hukumu mpaka ijulikane nia ya msemaji. Alikusudia kukuacha, au alikusudia kukutisha? Hilo analijua yeye na Mola wake. Mwulize. Mpaka ajibu, kaeni mbalimbali."

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu. Ismaily alikuwa amesimama mlangoni, funguo za lori mkononi.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nilikudanganya."

"Ukanivua nguo mbele ya Kibiti nzima."

"Kibiti nilisema kweli, Ismaily. Nilikokudanganya ni humu ndani."

Mama yake alikuwa ameketi ndani, shanga za tasbihi mkononi, hainui macho. Nikamwuliza mume wangu swali la shehe, kwa maneno yaleyale ya shehe. Ulikusudia nini siku ile? Akasema, "Sikumbuki." Halafu akasema, "Nipe muda nifikiri."

Nilichukua mashine yangu ya kushonea na nguo chache, nikaja kwa Gaudensia. Nalala chumba cha watoto. Taa za rangi bado ziko kwenye kamba, Odilo anasema atazitoa Pasaka.

Mwanzoni nilikaa nikiitazama simu. Nilijiambia, akisema alitisha tu, mimi ni mke. Akisema alikusudia, mimi si mke. Kana kwamba mimi ni shehena, nangoja kuambiwa nashushwa wapi. Lakini neno lile "nipe muda nifikiri" limekataa kuniondoka. Nia ya mwaka jana inafikiriwaje leo, Shangazi? Aidha ilikuwapo au haikuwapo. Anachofikiri sasa si alichokusudia siku ile. Anafikiri kama ananitaka. Basi, ikiwa yeye anafikiri hilo, hata mimi ninayo haki ya kulifikiri.

Umeniandikia ninyamaze. Ningeipata barua yako mapema, huenda ningenyamaza, maana sijawahi kukukaidi. Namshukuru Mungu kwamba injini ya Badru iliharibika. Nisamehe kwa neno hilo, lakini ni la kweli, na wewe ulitaka kweli.

Leo mchana Gaudensia alitoka jikoni na jogoo. Odilo na kaka wako kazini, Dulla amekaa hapo kivulini na simu yake. Gaudensia hakumtazama Dulla. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nashona, akanipa kisu. Nikavua khanga, nikamfunika jogoo macho, nikachinja palepale katikati ya uwanja, madirisha yote yako wazi. Chakula kilipoiva kila mtu alileta sahani yake. Dulla alirudi kuongezewa mchuzi, akasema, "Dada Hafsa, jogoo huyu ametulia." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Usije kwanza, na usimwandikie Ismaily. Najua kalamu yako. Akileta jibu lake nitalisikiliza mpaka mwisho, kisha naye atalisikiliza langu, kwa sababu sitaki tena kuwa mke wa mtu kwa sababu tu yeye amesema hakukusudia kuniacha. Bado sijajua nitamjibu nini. Nikishakata shauri, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kupata barua yangu.

Mwanao,
Hafsa